Winchi na Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto cha gari la rafiki yangu kilikuwa changu. Hakikuandikwa jina, lakini mtaa wote wa Chemchem ulijua. Yeye ni mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa Choma kule Igunga, aliyehamia Tabora mjini kwa ajili ya shule za watoto. Mimi nina kibanda cha spea kuukuu na umeme wa magari mbele ya nyumba yetu. Siku ya mnada alikuwa anapita alfajiri, anapiga honi mara mbili, natoka na chupa yangu ya kahawa, napanda. Kiti nilishakipima: unakirudisha nyuma kabisa, kisha unakivuta mbele meno matatu. Hapo magoti hayagusi dashibodi na mgongo haulalamiki mpaka Nzega. Mtu mwingine akikikalia najua, kama unavyojua kuna mtu amelalia mto wako.

Siku ambazo sikupanda, mimi ndiye niliyepigiwa simu. Masika yakishika, ule udongo mweusi wa mbuga unageuka ugali, na gari lake lina hamu ya ugali kuliko mwenye gari. Simu inalia, anasema neno moja tu: "Nimekwama." Nauliza: "Wapi?" Basi. Natafuta gari la kunipeleka, napakia mnyororo, mbao mbili na jeki, nakwenda kumchomoa huku nikimtukana njia nzima. Nimemchomoa mara kumi na tisa. Mke wangu anasema ishirini, lakini yeye anahesabu na ile ya harusini, ambayo gari halikukwama, liliishiwa mafuta.

Sasa mwaka huu, kabla ya mvua za kwanza, alikuja na kitu ndani ya gunia. Akakishusha kibandani kwangu kwa mikono miwili, kikatikisa meza.

"Fungua uone, shehe wangu."

Ilikuwa winchi ya umeme. Ile mashine inayofungwa juu ya bampa, yenye mota upande mmoja, gia upande wa pili, na katikati ngoma ya kuzungushia waya wa chuma wenye kulabu mwishoni. Gari likikwama unafunga kulabu mbele, unabonyeza rimoti, winchi inakula waya, gari linajivuta lenyewe. Hii ilikuwa imetoka kwenye uwanja wa mkandarasi mmoja wa barabara aliyefunga kazi. Ilikuwa na kutu hadi unaona huruma. Niliizungusha kwa mkono, ikagoma.

"Imekufa hii," nikasema. Kitu nikionyeshwa kwa mara ya kwanza mimi husema kimekufa, hata kama kinapumua. Ni tabia ya biashara.

"Ifufue. Ikipona, nikikwama nabonyeza tu, natoka mwenyewe. Sikusumbui tena."

Sikusumbui tena. Alisema kwa upendo kabisa, mkono begani kwangu. Mimi nikasikia kama nimepewa barua ya kuachishwa kazi niigonge mhuri mwenyewe.

"Mbuga haina miti, nkoyi," nikamwambia. Nkoyi ni rafiki kwa Kisukuma chao. Yeye ananiita shehe, mimi namwita nkoyi, na hivyo ndivyo tunavyolipana. "Utaifunga kwenye nini? Kwenye pembe ya ng'ombe?"

"Nafukia tairi la akiba, nafunga kwenye tairi. Mtaalamu amenionyesha kwenye simu."

Hapo ndipo palipoanza kuniwasha. Mtaalamu ni fundi aliyekuja kutoka Dar na kompyuta ya mkononi. Anachomeka waya chini ya usukani, kioo kinaandika ugonjwa wa gari, na yeye anausoma kwa sauti kama anasoma majina ya waliofaulu mtihani. Amefungua karakana upande wa pili wa barabara, usawa wa kibanda changu, kwa hiyo kila anayeingia kwake namwona. Rafiki yangu alikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya taa ya injini. Mara ya pili sikuona taa yoyote. Mara ya tatu walikuwa wanakula mishikaki.

"Kama huna nafasi nitampa yeye," akasema.

"Nafasi ninayo."

"Sasa malipo yako?"

Watu wa ukoo wetu wamekaa Tabora tangu misafara inapita hapa na mizigo kichwani, na sidhani kama kuna aliyewahi kujibu swali hilo bila kuuliza kwanza mwenzake ana kiasi gani. Mimi nikajibu papo hapo. "Mnada wa kwanza winchi ikiwa juu ya bampa, mimi nikae kushoto."

Akacheka. "Si ndipo unapokaa siku zote?"

"Sema."

"Utakaa kushoto, shehe wangu. Haya, nimesema."

Nikaifungua kesho yake. Niliweka kitambaa cheupe mezani, kila boliti niliyoifungua nikaipanga kwa zamu yake. Boliti kumi. Nikahesabu tena, kumi. Ndani ya mota maji yalikuwa yamekaa muda mrefu mpaka kaboni, zile punje mbili mbili zinazosugua na kupitisha umeme, zilikuwa zimeganda kwenye nyumba zake. Koili zilikuwa nzima. Nilizipima moja moja, halafu nikazipima tena kuanzia mwisho, maana kipimo changu kikiona unakifurahia nacho hufurahi. Gia zilikuwa nzima, jino kwa jino, ila grisi ilikuwa imegeuka sabuni.

Kaboni za saizi ile Tabora hazipo. Nilichukua za stata ya lori, nikazisugua kwa msasa kidogo kidogo mpaka zikaingia zikicheza bila kulegea. Relei, zile mbili zinazoamua mota izunguke huku au kule, moja ilikuwa imeungua, nikaibadilisha. Waya mnene wa kutoka kwenye betri niliupata kwa muuza vyuma chakavu, kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa.

"Pima mwenyewe," akanipa futi.

Nikapima. Nikageuza, nikapima kuanzia upande wa pili.

"We bwana, waya unaurefusha kwa kuupima?"

"Naogopa utafupika nikifika nyumbani. Nitakupa kioo cha pembeni cha lori na taa ya nyuma."

"Kioo na taa mbili."

"Kioo na taa moja, na siku nzima sitakwambia kwamba mizani yako imelala upande."

Akanipa.

Siku tisa nilikaa na ile mashine. Mke wangu alikuwa ananiletea chai, anasimama mlangoni, anatazama mimi ninavyotazama ng'ambo ya barabara.

"Gari lake liko kwa mke mwenzio tena," anasema.

"Mke mwenzangu nani?"

"Huyo wa kompyuta. Leo zamu yake, eh? Wewe zako zilikuwa Jumatatu na Alhamisi."

"Nafanya kazi, mama."

"Naona. Hiyo boliti umeifuta tangu adhuhuri. Mume akioa mdogo hivyo ndivyo tunavyofanya sisi, tunafuta vyombo."

Nilikuwa nimeona rafiki yangu, kule ng'ambo, amecheka mpaka ameshika mlango wa gari. Kicheko kile nakijua. Ni kile cha hadithi ya ng'ombe aliyekula karatasi za ushuru, hadithi ambayo mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeisimulia vizuri mwanzo. Sasa anampa mtu ambaye hajui hata ng'ombe alikuwa wa rangi gani.

Siku ya nane Mtaalamu mwenyewe akavuka barabara. Mrefu, miguu kama ngazi, viatu vyeupe ambavyo sijui anavifulia wapi.

"Shikamoo, mzee."

Tumepishana miaka sita. Labda saba. Lakini shikamoo ikishatupwa huwezi kuirudisha kwa mwenyewe. "Marahaba," nikasema, nikajisikia meno yananitikisika.

"Kazi safi hii, mzee baba. Kaboni umetoa wapi?"

"Zilikuwepo."

Akainama, akaichungulia. Sikuweza kusema kitu kibaya juu ya macho yake. Aliangalia panapotakiwa kuangaliwa. Akagusa waya wa betri, akatikisa kichwa kwa kukubali, akauliza nimeweka wapi swichi ya kuzima yote kama relei ikinata. Nilikuwa nimeiweka. Ningekuwa sijaiweka ningemchukia kwa moyo mweupe.

Kisha akaichukua rimoti. Ilikuwa na vibonye viwili vilivyofutika, havina herufi hata moja. "Hapa andika VUTA, na hapa ACHIA," akasema. "Mtu akiwa kwenye tope hana muda wa kufikiri."

Lilikuwa wazo zuri. Nililiona zuri hapohapo, na kwa sababu hiyohiyo nikasema, "Nitaona."

Alipoondoka nikachukua brashi ndogo na rangi nyeupe. Nikafikiri. Mimi siku nane nilikuwa naishi ndani ya ile winchi. Waya unaingia kwenye ngoma, waya unatoka kwenye ngoma. Kwa nini nitumie maneno ya mtu? Nikaandika kibonye cha kwanza NDANI. Cha pili NJE. Herufi nzuri, zimenyooka. Nikasimama mbali nikazitazama, nikaridhika sana. Sikutia neno lake hata moja.

Siku ya kuijaribu tuliifunga kwenye bampa, kulabu nikaipeleka kwenye mwarobaini wa jirani, nikashika rimoti mimi mwenyewe. Gari lilikuwa limewekwa breki. Nikabonyeza NDANI. Mota ikanguruma, waya ukakaza ukalia, na lile gari lenye breki likaanza kutambaa taratibu kuelekea mtini, matairi yakichora mistari kwenye mchanga. Watu walikuwa wamejaa. Bajaji tatu zilisimama. Rafiki yangu alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

"Mmeona mafundi wangu!" akawaambia watu. "Mafundi wangu hawa!"

Akamshika Mtaalamu bega, na mimi bega.

Mafundi. Nilihesabu mafundi waliokuwa ndani ya mota ile siku tisa. Nikapata mmoja. Nikarudia. Mmoja.

Mnada ulikuwa wiki iliyofuata, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo huko mbugani. Alfajiri nilikuwa tayari, kahawa imejaa chupani, gambuti nimezitia kwenye mfuko. Honi ikalia. Mara moja tu. Nikatoka.

Mtaalamu alikuwa kushoto.

"Anataka kuchukua video winchi ikifanya kazi," rafiki yangu akasema kwa haraka, macho yakiwa kwenye usukani. "Lazima awe mbele apate kuona kupitia kioo. Wewe panda nyuma, shehe. Nafasi ipo, sogeza tu hayo magunia."

"Shikamoo, mzee," akasema yule wa kushoto.

Nikayatazama magunia. Nikatazama kiti. Kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, miguu ile ipate pa kukaa.

"Nina kazi leo," nikasema. "Nendeni."

"Shehe..."

"Nendeni, mtachelewa mnada."

Nilirudi ndani. Mke wangu aliniona na chupa imejaa, akafungua mdomo, akaufunga. Mwanamke akiacha kukutania ujue hali ni mbaya. Nilikunywa kahawa yote peke yangu, kikombe kwa kikombe, vikombe saba. Sikuifurahia hata kimoja. Nilikuwa namwona yule bwana anapita Nzega katika kiti changu, anasimuliwa ile ya ng'ombe na karatasi, anaonyeshwa mahali tulipolala ndani ya gari tukinyeshewa, mahali tulipogombana hatukusemeshana mpaka Igunga. Njia nzima ile imejaa vitu vyangu, na rafiki yangu alikuwa anavigawa.

Saa saba mchana simu ikalia.

"Nimekwama," akasema.

Sitaficha. Moyo wangu ulifurahi kama mtoto aliyeona mama anatoka sokoni. Mguu mmoja ulishaingia kwenye gambuti kabla sijauliza.

"Wapi?"

"Karibu na Choma, pale njia inaposhuka mbugani. Winchi yako mbovu, shehe."

"Mbovu vipi? Imegoma?"

"Haijagoma. Inavuta halafu inaturudisha. Tumefukia tairi vizuri, kulabu tumefunga. Tukibonyeza inanyanyua gari kidogo, tukiachia kibonye gari linateleza linarudi palepale. Mara ya tatu sasa."

Nilikuwa nimeinama nikitafuta gambuti ya pili. Nikaiacha. Winchi ile ina breki ndani yake. Ukiachia kibonye inashika. Nilikuwa nimeifungua kwa mkono wangu na kuirudisha. Inashika, lakini upande mmoja tu.

"Mnabonyeza wapi?"

"Si hapa palipoandikwa NJE."

"NJE?"

"Ndiyo, NJE. Tunataka kutoka nje!"

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya gambuti.

"Nkoyi. Bonyeza NDANI."

"Ndani wapi? Tuko ndani tayari! Tumezama mpaka milangoni, wewe unaniambia ndani!"

"Waya, nkoyi. Waya uingie ndani."

"Nani alikuwa anazungumzia waya? Aliyekwama ni mimi au waya?"

Nikasikia sauti ya Mtaalamu kwa mbali: "Mwambie niliwaza hivyohivyo, NJE ni kutoka. Mtu yeyote angebonyeza NJE." Alikuwa na haki. Mtu yeyote kwenye tope angebonyeza NJE, isipokuwa mtu mmoja aliyekaa Chemchem amejifungia siku tisa ndani ya ngoma.

Kilichotokea nikakiona chote kama niko pale. NJE iliufungua waya uliobaki kwenye ngoma mpaka ukaisha, halafu ngoma ikaendelea kuzunguka, ikaanza kuukunja upya kinyume. Ndiyo maana ilivuta. Na ndiyo maana haikushika, kwa sababu breki haijui upande ule.

Na hapohapo nikaona kitu kingine. Nikinyamaza sasa, nikisema nisubirini, nitafika pale alasiri na mnyororo wangu. Mara ya ishirini. Mtaalamu atakuwa amekaa kwenye tope na viatu vyake vyeupe, na winchi itaitwa mbovu, na simu itaendelea kuja kwangu kila masika mpaka tuzeeke. Nililifikiria jambo hilo vizuri. Ningesema uongo nikisema sikulifikiria.

"Nani amesimama mbele ya gari?" nikauliza.

"Mimi. Nashikilia lile tairi lisichomoke."

"Toka hapo."

"Shehe, tairi..."

"Toka mbele ya gari sasa hivi! Waya ule haujashikwa na kitu chochote, ukiponyoka unakukata miguu. Toka! Umetoka?"

Nikasikia miguu inachomoka kwenye tope. "Nimetoka."

"Wapi?"

"Pembeni, huku kwenye majani."

"Mpe simu mwenzako."

Mtaalamu akashika simu, safari hii bila shikamoo. Nikamweleza: atupe koti zito juu ya waya, asimame kando, abonyeze NDANI bila kuachia. Waya utalegea kwanza, asiogope. Utatoka wote kwenye ngoma kisha utaanza kuingia kwa chini. Ukiingia kwa chini ndiyo wenyewe.

"Kwa chini," akarudia. Alielewa mara moja. Niliumia kidogo kwamba alielewa mara moja.

Nilisikia mota. Nilisikia inabadilika sauti, kutoka ya wepesi kuja ya mzigo, ile sauti nzito niliyoijua kwenye mwarobaini. Halafu tope likaachia kwa sauti kubwa, na watu wawili wakapiga kelele mbugani, na mimi nikapiga kelele kibandani peke yangu na gambuti moja mguuni. Simu ikakatika. Hakuna aliyeikata kwa ubaya, walikuwa wanashangilia.

Nikavua gambuti.

Asubuhi yake gari likaja, limeganda tope mpaka kwenye vioo. Rafiki yangu akashuka peke yake, ile rimoti mkononi.

"Ulifanya makusudi?" akauliza. Hakuwa anacheka.

"Hapana."

"Sema."

"Mwenzako aliniambia niandike VUTA na ACHIA. Sikutaka neno lake. Hilo tu."

Tumejuana miaka mingi kiasi kwamba sikuhitaji kuongeza kitu, lakini nikaongeza. "Na uliniambia nitakaa kushoto."

"Nilisema," akakubali polepole. Akaangalia tope kwenye viatu vyake. "Nilisema, ndiyo."

Nikachukua rimoti. Nikakwangua NDANI kwa kisu, nikakwangua NJE. Nikachovya brashi nikaandika VUTA, herufi nne. Nikaandika ACHIA, herufi tano. Nilihesabu tena rangi ilipokuwa inakauka, zote zilikuwepo, na zote zilikuwa zake yule bwana. Ng'ambo ya barabara alikuwa anaosha viatu kwenye beseni. Akanyanyua mkono. Nami nikanyanyua wangu, wenye brashi.

"Kuna mnada mdogo kesho kutwa," rafiki yangu akasema, akiwa ameshafungua mlango wa kushoto. "Leo naenda tu kuangalia ng'ombe wawili hapa karibu. Twende."

"Kiti kina tope."

"Kifute."

"Tope la nani?"

"Shehe, panda."

Nikatandika gunia, nikapanda. Kiti kilikuwa bado nyuma, miguu yangu inaelea kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Nikatafuta kile kichuma chini, nikakivuta mbele. Tak, tak, tak. Matatu. Rafiki yangu alikuwa ameshawasha gari, ananisubiri. Nikakirudisha nyuma mpaka mwisho, nikakileta mbele tena.

Matatu.